Mizoga Aliyowaachia Tai

Msimu wa kondoo kuzaa ulipoanza, mwezi wa saba, Leith Pascoe aliamka alfajiri kila siku, akachukua bunduki na filimbi yake ya bati, akaenda kuketi nyuma ya mawe juu ya bonde. Filimbi ile ikipulizwa hulia kama sungura aliyenaswa, na mbweha huja wenyewe. Hakuwachukia. Ila mwaka uliopita walikuwa wamemlia wanakondoo arobaini, wengine wameng'olewa ndimi kabla hawajamaliza kutoka tumboni mwa mama zao.

Majirani waliwatundika mbweha wao kwenye uzio wa barabarani, vichwa chini, kila mpita njia aone. Leith aliona huo ni ushenzi. Wa kwake aliwaburuta hadi kwenye mwinuko ulio mbele ya dirisha la jikoni, akawaacha pale kwa ajili ya Nerida.

Nerida alikuwa mkewe. Tangu kiharusi kimlemaze upande wa kushoto, alishinda kitini hapo dirishani, na kilichomchangamsha kuliko vyote ni tai wawili, dume na jike, waliokuwa na kiota ng'ambo ya kijito. Wakishuka kula, aligonga meza kwa mkono wake mzima.

"Leith! Njoo uone mama anavyomnyang'anya mumewe!"

"Maskini. Maisha hayo nayajua."

"Ungekuwa na mabawa ungeshanikimbia wewe."

"Niende wapi, na mpishi ndiye mimi?"

Jumanne moja Leith alimkuta yule jike chini, karibu na birika la kunyweshea ng'ombe. Mabawa yalikuwa yameburuzika matopeni, kichwa kimelegea kama cha mlevi. Alipomsogelea, tai hakujaribu hata kumdonoa. Alimfunika kwa koti, akamweka kwenye kreti, akaendesha gari dakika arobaini hadi mjini kwa daktari wa mifugo, Kirra Doolan.

Kirra alimpiga picha ya eksirei, akaitazama kwa muda.

"Ana risasi tumboni, Mzee Pascoe."

Leith aliruka. "Nani kampiga? Nitajie, nimfuate sasa hivi!"

"Hajapigwa. Amezimeza." Kirra alimwonyesha chembe nyeupe kwenye picha, ndogo kuliko punje za chumvi. "Risasi ikimpiga mnyama inapasuka, inasambaa kwenye nyama. Tai akila mzoga, anaimeza. Madini yake ni sumu. Huko kwenu nani anaacha mizoga nje?"

Leith alivua kofia. "Mimi."

"Hukujua."

"Bunduki nimeshika miaka hamsini, binti yangu."

Jike alikufa kabla ya saa tisa. Kirra alisema angeushughulikia mwili, maana nao sasa ulikuwa sumu kwa yeyote ambaye angeula. Alimweleza pia kuhusu risasi za shaba, ambazo hazina sumu hiyo, na namna ya kufukia: shimo la zaidi ya mita moja, mbali na maji, udongo ushindiliwe ili mbwa wasifukue. Leith aliitikia kila neno kama mtoto anayekaripiwa, ingawa Kirra hakumkaripia.

Njiani alitunga uongo wa namna tatu. Alipofika jikoni, wote ulimtoka kichwani, akamwambia Nerida ukweli akiwa bado amesimama mlangoni.

Nerida hakulia. Alitazama nje.

"Kila aliposhuka nilikuwa nafurahi," alisema. "Nilikuwa nakaa hapa, nafurahi."

"Si wewe. Mimi ndiye niliyewaweka."

"Uliwaweka kwa ajili yangu, Leith. Usinitoe lawamani."

Kesho yake alitoa trekta, akachimba shimo kwenye malisho ya juu, mbali na kijito. Kisha akaenda kwenye mwinuko kuokota mizoga. Aliokota yote, na mifupa na manyoya yaliyokauka, akajaza tela. Alikuwa amebakiza mizoga miwili pale yule dume aliposhuka, akatua juu ya nguzo ya uzio, hatua kumi kutoka kwake. Hakuogopa. Ni Leith aliyemzoesha hivyo.

"Nenda," Leith alimwambia.

Tai alimgeuzia jicho moja, akasubiri chakula chake.

"Nenda zako!" Alimpungia kofia. Tai alisogeza miguu tu. Leith aliokota jiwe, likapita pembeni. La pili likagonga nguzo. Dume aliinuka, akazunguka, akarudi kutua palepale, na Leith akarusha la tatu huku machozi yakimziba macho, akipiga kelele maneno ambayo hakuwahi kumtamkia hata mbweha.

Kwa siku nane dume alirudi, na kwa siku nane alifukuzwa. Siku ya tisa hakuonekana, wala baada ya hapo.

Mbweha hawakukoma, kwa hiyo Leith naye hakukoma. Alinunua risasi za shaba, na kila asubuhi alibeba sepetu pamoja na bunduki. Akirudi, Nerida alimwuliza kabla hajavua buti.

"Wangapi?"

"Wawili."

"Umewafukia?"

"Nimewafukia."

"Kwa kina gani?"

"Shimo lilinipita kiuno."

Nerida aliitikia kwa kichwa, na Leith akabandika maji ya chai.