Chupa Mbili za Daraja la Kwanza

Jumanne, tarehe saba mwezi wa pili mwaka 1939, fundi Liévin hakuamka kushona. Cherehani yake ilikuwa barazani, katika barabara ya tatu ya Kamalondo, mjini Élisabethville, na shati la kaki lilibaki chini ya sindano likiwa na mkono mmoja. Mwenye shati alikuja saa mbili, akaja tena saa nne. Saa sita Laurentine, mdogo wake fundi, alitoka akamwambia kwamba Liévin amekufa kwa kichomi na mkono wa pili hautapatikana. Yule mtu alivua kofia. Alilichukua shati jinsi lilivyo, na kesho yake akalivaa kwenye maziko.

Alhamisi jioni Liévin alirudi. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani, mikono juu ya magoti, akikohoa. Hakushona, kwa sababu wafu hawashoni. Laurentine alimsalimia, akasukuma jiko kando ili asimguse miguu, akapika bukari, ugali wa kwao, kwa kipimo cha mtu mmoja.

Watu wa kaskazini, wa kule Kabalo, wanajua la kufanya. Mtu wao akifia mjini, mwili huzikwa mjini, lakini yeye mwenyewe husafiri ndani ya pombe. Ndugu yake wa kike huteka maji ya mji ule uliomuua, hupika pombe ya mtama ndani ya nyumba ya marehemu, na siku ya tatu, povu likishatulia, marehemu huingia. Pombe hupelekwa kwa mama yake. Mama hunywa wa kwanza, kisha ukoo humaliza. Hapo ndipo mama hunyoa nywele, huacha mkeka na kurudi kulala kitandani. Kabla ya hapo, hapana. Mama yao Liévin na Laurentine aliitwa Mwaba. Alikuwa amelala chini tangu siku telegramu ya msiba ilipofika.

Laurentine alipika pombe. Siku ya tatu kiti cha barazani kilikuwa kitupu, na mtungi ulikuwa mzito kuliko jana yake. Aliimimina pombe katika chupa kubwa iliyosukiwa matete, akaifunga kwa gunzi la mahindi, akaenda stesheni.

Tikiti ilikuwa moja kwa safari yote: treni hadi Bukama, halafu meli ya mtoni, kushuka Lualaba hadi Kabalo. Mizigo ya meli ilikaguliwa hapohapo Élisabethville. Ukutani palikuwa na ubao mweupe wa kanuni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Abiria wa daraja la kwanza aliruhusiwa chupa mbili za kinywaji chake, kwa matumizi yake mwenyewe, na akizifungulia mezani atalipa ada ya kuzibua. Abiria wa daraja la tatu hakuruhusiwa kinywaji chochote chenye chachu, ndani ya chombo chochote.

Karani wa mizigo, Adalbert, alikuwa mtu wa Kongolo, jirani na Kabalo. Aligonga chupa kwa kalamu yake.

"Njo nini hii, mama?"

"Iko pombe."

"Mama, pombe banakataza. Unaona ubao."

"Ninaona. Lakini yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, iko mule ndani. Ninamupeleka kwa mama."

"Muzima muzima?"

"Muzima muzima."

Adalbert aliinama, akatega sikio. Ndani ya chupa mtu alikohoa mara mbili.

"Pole, yaya," Adalbert aliiambia chupa. "Hii kikohozi haiyaisha tu?" Kisha akamwambia Laurentine angoje, akaingia kwa mkubwa wake.

Mkubwa wake alikuwa Mzungu mwenye subira. Alilisikiliza jambo lote, akafungua kitabu cha kanuni, akakisoma kwa dakika kumi. Akajibu kwamba kilichomo ndani ya chupa kikiwa mtu, kinahitaji tikiti na karatasi ya ruhusa ya kuhama, yenye alama ya kidole chake. Kikiwa maiti, kinahitaji jeneza la zinki na barua ya daktari. Kikiwa pombe, kimekatazwa. Mama achague moja.

Laurentine alifikiri. Liévin hakuwa na kidole tena. Zinki huharibu pombe. Alibeba chupa yake kichwani, akarudi nyumbani.

Jumapili, baada ya misa, Adalbert alikuja Kamalondo kumpa pole. Alimkuta jirani, Sofia, binti wa Waislamu wa Maniema, amekaa barazani na mkeka wake mbali kidogo na chupa.

"Miye pombe sigusi," Sofia alimwambia karani. "Hata harufu yake siitaki. Lakini huyu alinishonea nguo ya arusi. Nitamuacha akae hapa kama muzigo?"

"Si miye ninamukataza, mama. Iko ubao."

"Basi uende kuoa ule ubao."

Adalbert alicheka, akakuna shingo. Ndipo akasema lile alilokuja kusema. Ijumaa mpima ardhi mmoja, ambaye watu walimwita Bwana Tumbako kwa sababu ya kiko chake, anakwenda likizo Ulaya. Atapita Bukama, atapita Kabalo, atashika treni ya Albertville, atavuka ziwa hadi apate meli ya bahari. Ni daraja la kwanza. Na Bwana Tumbako ana ugonjwa wa tumbo, divai hanywi. Nafasi ya chupa zake mbili iko tupu.

Mume wa Sofia, Amadi, alikuwa mpishi wa Bwana Tumbako. Yeye ndiye aliyempeleka Laurentine mlango wa nyuma. Bwana Tumbako alimsikiliza amesimama, kiko mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kusogeza jiwe la mpaka hata kwa upana wa kidole.

"Mimi tapeleka," alisema. "Chupa mbili tu. Sheria iko chupa mbili."

Laurentine aliogopa kwamba mtu hataenea. Lakini Liévin alikuwa mwembamba, na ugonjwa ulikuwa umempunguza zaidi. Alienea katika chupa mbili za divai, kikabaki kikombe kimoja. Kikombe hicho Laurentine alikimwaga kizingitini, na hivyo kikohozi kikabaki nyumbani. Sofia alikizoea. Aliposhindwa kulala alikuwa akikijibu kupitia ukutani.

Ijumaa, stesheni, Adalbert alizitazama zile chupa mbili, akauliza kama kanuni inavyotaka: "Ni kwa matumizi yako mwenyewe, bwana?" Bwana Tumbako hakupenda uongo. Aliutazama ubao, akamtazama Laurentine aliyekuwa katika foleni ya daraja la tatu na mkeka wake. Akasema, "Oui." Adalbert akabandika karatasi ya kijani.

Kule Bukama abiria weupe walipanda melini, na abiria weusi wakapanda tishari lililofungwa ubavuni mwa meli. Tangu siku ya kwanza Liévin alikaa juu, kwenye kiti cha ukindu mkabala na Bwana Tumbako, kwa kuwa chupa zake zilikuwa na karatasi ya kijani. Hakuna aliyemwondoa. Alivaa suti yake ya kuzikiwa. Asubuhi alimpungia Laurentine mkono, na Laurentine, aliyekuwa akipika kwenye tishari katikati ya mbuzi na magunia, alimpungia mwiko.

"Yule wa kule juu iko ndugu yako?" aliuliza mwanamke wa jirani.

"Iko yaya yangu."

"Anapata bahati."

Penye ziwa Kisale mafunjo yaliziba njia. Meli ilisimama siku nne. Barafu ya daraja la kwanza iliisha, divai ikaisha. Siku ya nne mchana Alphonse, mhudumu wa meza, alikuja na kitabu chake kidogo. Alisema kwa adabu kwamba chupa za Monsieur hazijafunguliwa, na kesho kutwa ni Kabalo. Chupa ya matumizi binafsi isiyonywewa yote hadi mwisho wa mto huhesabiwa kuwa ni biashara. Huchukuliwa na kumwagwa mtoni.

Bwana Tumbako aliomba kukisoma kifungu hicho. Alikisoma mara mbili. Kilikuwepo. Alimtazama Liévin kwenye kiti cha ukindu. Liévin aliutazama mto, ambao hauna mama wala ukoo, halafu akainua mabega.

Bwana Tumbako akaagiza glasi.

Laurentine aliliona hilo kutoka kwenye tishari. Alisimama juu ya magunia, akapaza sauti mbele ya abiria wote.

"Bwana! Ile si yako! Ile iko ya mama yetu!"

Bwana Tumbako alisimama, akavua kofia, akainamisha kichwa. "Sheria, mama," alisema. Akakaa. Alikunywa taratibu, licha ya tumbo lake bovu, bila kuacha tone, kama mtu anayekula kiapo. Ilipofika nusu ya chupa ya pili Liévin alikuwa anaonekana kwa shida. Ilipoisha, kiti cha ukindu kilikuwa kitupu.

Bwana Tumbako alifuta mdomo. Kisha akashika pindo la kitambaa cha meza, akalisugua katikati ya vidole viwili, akasema kwa Kiluba, lugha ambayo hakuijua, kwamba pindo hili lilishonwa na mtu mvivu. Alphonse alikubali, akaondoa sahani.

Kabalo walifika saa tatu asubuhi. Treni ya Albertville ilikuwa iondoke saa tano. Mama Mwaba alikuwa amekaa kandokando ya gati, nywele ndefu zenye vumbi, kikombe cha kunywea mkononi. Laurentine alimweleza yaliyotokea. Mama hakumgombeza. Alimpa kile kikombe akishike, akanyanyuka, akaenda hadi kwa Mzungu aliyekuwa akishuka ngazi na kiko mdomoni, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Umenona, mutoto wangu," alisema.

"Kule juu chakula iko mingi, mama."

"Na ile kikohozi?"

"Inabaki kwa Laurentine."

"Basi twende nyumbani. Mukeka unaniumiza mugongo."

"Niko na tikiti, mama," alisema Bwana Tumbako, na machozi yalimtoka chini ya kofia. Mguu wake mmoja ulielekea kijijini, mwingine stesheni, na kwa muda alisimama hivyo, mtu mzima mwenye miguu isiyosikilizana.

Mama Mwaba alimwendea mlinzi wa stesheni, akamwomba amruhusu kumchukua mwanawe. Mlinzi aliuliza ni yupi. Mama akamwonyesha. Mlinzi alipitisha kidole kwenye orodha: mpima ardhi, daraja la kwanza, likizo ya Ulaya. Hapakuandikwa mtoto wa Mwaba. Aliomba radhi, akapiga filimbi.

Treni ilipotoka, mama aliuliza likizo yao ni ya muda gani. Laurentine alimjibu kwamba ni miezi sita.

"Basi nitalala chini miezi sita," mama alisema.

Mwezi wa tisa vita vilianza kule Ulaya, na meli zikawa hazileti watu wa likizo. Laurentine alirudi Kamalondo, akajifunza kushona kwa ile cherehani. Barua ya kwanza ilifika mwaka 1946 kutoka Namur, Ubelgiji. Iliandikwa na mke wa Bwana Tumbako, na Adalbert ndiye aliyeisoma barazani, kikohozi kikimkatiza. Mke alieleza kwamba mume wake amefungua duka la kushona suruali, na watu wa mtaa wanamsifu. Jioni anataka kula kwa mkono. Mke mwenyewe amekwisha kuzoea. Liévin ni mtu mpole, hachafui, ila anaona baridi sana, naye amemfumia sweta. Mume wake ameomba kurudi Kongo, akajibiwa kwamba mkataba wake umekwisha na asiye na mkataba hapewi nafasi melini. Liévin anamsalimia mama, anasema yuko njiani.

Laurentine aliandika ofisi ya serikali akiomba kaka yake arudishwe. Jibu lilikuja baada ya miezi minane, kwenye karatasi moja yenye mihuri mitatu. Hakuna hati inayoonyesha kwamba Liévin aliwahi kutoka Kongo. Asiyetoka hawezi kurudishwa. Akiletwa ndani ya chupa, itatumika kanuni ya daraja la tatu.

Ubao wa stesheni umepakwa rangi upya. Daraja la kwanza sasa wanaruhusiwa chupa tatu.

Mama Mwaba analala chini.