Kazi ya Wanaotoka Mbali

Kaka yangu Bertin ana mdomo mtamu. Mtaa wetu mzima wa Panda, pale Likasi, unalijua hilo, na mimi nilipaswa kulijua kuliko wote, maana tumekula sahani moja tangu utotoni. Kampuni iliyomwajiri haikukosea. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi watu wa kompyuta wa Kinshasa na kwingineko wahamie kijiji kimoja kando ya ziwa, nje ya Likasi, waandike programu zao huku wakitazama vilima na ndege wa majini.

Usicheke. Umeme ulikuwepo, intaneti ya setilaiti ilikuwepo, nyumba zilikuwa zimepakwa rangi. Mimi, Blandine, nilisomea programu Lubumbashi. Baba alipofariki niliapa sitamwacha mama peke yake, nikakataa kazi za mbali, hata ile nzuri ya Kolwezi, nikabaki kutengeneza simu za watu sokoni. Sasa kazi niliyoisomea ilikuwa inanifuata hadi mlangoni kwa mama. Niliona Mungu amenikumbuka.

"Place yako iko," Bertin aliniahidi kazi pale. "Weye njo wa kwanza. Lakini unisaidie kidogo."

Nikamsaidia, tena kwa moyo wote! Wageni walipoletwa kuona kijiji, nilivaa kikwembe kipya, nikawapikia bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, nikawapandisha kilimani, nikacheka utani wao wote juu ya mbu. Bertin akanitambulisha kama mdogo wake mpishi: "Huyu ni petite yangu, njo anatupikiaka." Nilipofungua mdomo niseme mimi ni mtu wa programu, akanikonyeza. Nikadhani ana mbinu zake, nikaendelea kupakua chakula.

Akaniomba pia nimpigie simu Plamedi, rafiki yangu wa chuo aliyekuwa na kazi nzuri Kinshasa. Plamedi hakutaka kusikia habari za kijiji. Nilimbembeleza wiki nzima. Nilimwambia tutakaa ofisi moja, tutakula pamoja mchana, Jumapili nitampeleka kwa mama. Mwishowe akaacha kazi yake, akaja.

Siku ya kuanza tulikwenda pamoja, mimi na viatu vya ofisini vinavyobana. Kila meza ilikuwa na jina la mwenyewe. Plamedi akaliona lake upesi, akakaa, akaanza kuangalia huku na huku.

"Na ya kwako, Blandine?"

Nilizunguka chumba kizima. Kisha mwanamke mmoja, msimamizi wa ofisi, akanijia akitabasamu, akaniuliza kama jikoni kumeshawashwa moto. Plamedi aliinamisha macho. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, nikatoka bila kuaga.

Jioni nilimkuta Bertin sebuleni kwetu, anakunywa chai ya mama, mama mwenyewe ameketi kando.

"Yaya," nilimwita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "meza yangu iko wapi?"

"Usikasirike. Ile projet ni ya kuleta bantu ba inje. Bale banatoaka franga beko nahesabu tu bantu benye kuhama. Weye uko mutoto ya hapa, habatakuhesabu."

Kumbe wenye pesa walikuwa wakilipia watu wanaohamia tu, si wenyeji.

"Ulijua tangu lini?"

Akajikuna shingo. "Tangu mwanzo."

Angenikatalia siku ile ya kwanza, ningenuna wiki moja, yakaisha. Lakini aliniacha niwachekee wageni, niwapikie, nimtoe rafiki yangu kwenye kazi yake kwa maneno yangu mwenyewe. Nikamwambia yote hayo, na mengine nisiyoweza kuyaandika.

Alingoja nimalize. "Kuko njia," akasema. "Wende Kolwezi kwa tantine, ule shangazi yetu, ukae kule mwaka moja. Kisha minye nitakuita sawa mutu ya inje."

"Nihame kwetu, ndiyo niletwe kwetu?"

"Njo vile."

Nikamgeukia mama. Mama Angèle havumilii upuuzi nyumbani mwake. Amewahi kumtimua mjomba wake mwenyewe kwa neno moja baya. Nilikuwa na hakika Bertin hatamaliza chai ile.

"Mama, uko nasikia?"

Mama aliinuka polepole, akaingia chumbani, akarudi na begi langu la chuo, akaliweka miguuni pangu. Nililifungua. Nguo zangu zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri, pamoja na blauzi ya bluu niliyokuwa nikiitafuta tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimemuuliza yeye, naye akaniambia hajaiona.

"Ni mwaka moja tu, mwanangu," alisema, akimwangalia Bertin. "Yaya yako anasema utarudia na kazi ya muzuri."

Kwa ajili ya mama huyo nilikuwa nimeikataa kazi ya Kolwezi. Nilifunga zipu ya begi. Kesho yake asubuhi nilipanda basi, na mama aliponiuliza kupitia dirishani kama nitampigia simu nikifika, nilimwambia amuulize Bertin.