Siku Tulipoingia Kichwani mwa Mashine ya Maji

Mwanangu wa pili ndiye aliyekuwa akiangalia pampu za maji za mji wetu. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta inayoamuru pampu ipi ivute na ipi ipumzike, na kuandika humo kila anachokiona. Basi Jumanne asubuhi kompyuta ile ikazimika ghafla, pampu zikanyamaza, na mji mzima ukakauka mpaka jioni. Watu walitoka na ndoo na matusi. Meneja wake akasema hakuna mashine inayojizima yenyewe. Jamaa alikuwa amesinzia, akagonga swichi kwa kiwiko, sasa anajifanya hajui. Akamwambia akae nyumbani, Ijumaa aje na ushahidi au aje kuchukua barua ya kufukuzwa.

"Mama, sikulala," akaniambia. "Nilikuwa naandika."

Mimi ndiye niliyemzaa. Akidanganya masikio yake hucheza, na siku ile hayakucheza. Lakini utampelekea meneja masikio ya mtoto wako yawe mashahidi?

Ikawa heri kwamba programu ya kompyuta ile imetengenezwa kwenye kampuni anayofanyia kazi binti yake, mjukuu wangu, tunayemwita Kiroboto kwa sababu tangu utoto hatulii. Kila kompyuta ina kiini, ile programu ya chini kabisa inayozibeba nyingine zote, na Kiroboto ndiye anayetunza upande wa kumbukumbu wa kiini hicho: nani apewe nafasi, nani angoje, nani arudishe alichopewa. Alhamisi nikamshika mwanangu mkono tukaenda huko, yeye kichwa chini kama mtoto aliyeitiwa mzazi shuleni.

Walituweka kwenye chumba kirefu chenye feni inayozungusha joto tu. Pembeni ya meza ya Kiroboto alikaa kijana mnene mwenye penseli sikioni. Wenzake wanamwita Mpasuaji, maana kazi yake ni kufungua mashine zilizokufa atafute kilichoziua.

"Shikamoo, bibi. Umetuletea maiti?"

"Marahaba. Nimeleta mfiwa. Maiti mnaye nyinyi."

Akacheka mpaka penseli ikadondoka, akaiokota akairudisha sikioni. "Kiroboto ameniambia wewe ni mtu wa vitendawili. Haya, kitendawili!"

"Tega."

"Nina mtoto nimemfungia chumba cha pembeni. Hali, hachezi, hasemi. Siku nikifa ndiyo siku yake ya kuamka."

Nikasema mbegu, akakataa. Nikasema mrithi, akakataa.

"Nipe mji, bibi."

"Chukua huu wetu. Tena hauna maji."

Mwanangu akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Ndipo Mpasuaji akatufumbulia. Kompyuta inapowaka, alisema, kiini kikubwa hutenga kipande cha kumbukumbu pembeni na kulaza humo kiini kidogo. Hicho kidogo hakigusi kitu. Kikubwa kikifa, kidogo kinaamka, kinapita chumba kwa chumba ndani ya kumbukumbu ya marehemu na kupiga picha kila kitu kilivyokuwa wakati ule ule wa kukata roho, bila kusogeza hata kijiko. Kikimaliza, ndipo mashine inawashwa upya.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo picha ya mashine ya mwanangu mnayo?"

"Tunayo. Ila hatuwezi kuisoma." Akanigeuzia kioo. Ilikuwa vurugu tupu ya tarakimu. "Chombo changu kinasema kuna vyumba vimejaa watu wasiokuwepo, na kuna watu wanaishi ndani ya ukuta. Muulize mjukuu wako."

"Nilipanga kumbukumbu upya," Kiroboto akasema bila kututazama. "Nafasi ilikuwa inapotea bure. Ile alama inayosema ukurasa huu, yaani kipande hiki cha kumbukumbu, ni mtupu nimeihamisha."

"Akahama bila kuniaga! Chombo changu kinabisha hodi nyumba ya zamani."

"Na kwa nini nikuage? Mambo ya ndani ya kiini hayamhusu mtu wa nje. Leo nikikuonyesha kitanda kiko wapi, kesho nikikisogeza utalia kwamba nimekuvunjia kazi."

"Dada, mimi kitanda chako sikitaki! Nitajie tu ukurasa mmoja una ukubwa gani, orodha ya kurasa inaanzia wapi, na ulio mtupu una alama gani. Siku ukihamisha tena, nitajie tena. Hiyo ni siri ya kufa nayo?"

"Mpe, mwanangu," baba yake akasema. "Mimi kesho naitwa."

Kiroboto akaanza kung'ata kucha ya kidole gumba, jambo aliloliacha akiwa bado mdogo.

"Baba, tukiingia humo unadhani tutakuta nini?"

"Tutakuta sikulala."

"Na kama kumbukumbu ilijaa mpaka mashine ikakabwa? Anayeitunza ni mimi. Ikionekana hivyo, mwenye kosa si wewe. Ni mimi."

Mpasuaji aliitoa penseli sikioni akailaza mezani taratibu, kama mtu anayevua kofia. Ningemwambia nini yule binti? Nilikuwa na wawili wa damu yangu mbele yangu, na mlango mmoja ambao ukimfungulia huyu unaweza kumfungia yule.

Kiroboto akavuta kibodi. Nilitegemea ataandika kurasa na kurasa, kumbe mistari ya yale matatu aliyoulizwa haikufika hata nusu ya kioo. Akamsukumia Mpasuaji. "Haya, ingia."

Sijui niwaelezeje. Mtu asiyeona vizuri akivalishwa miwani, ukuta uliokuwa ukungu unakuwa ukuta. Ile vurugu ilijipanga. Tarakimu zikapata wenyewe, kila ukurasa ukasema wa nani, na Mpasuaji akaanza kututembeza. Hapa saa ilisimama. Hapa pampu ya kwanza ilikuwa imeulizwa kasi yake na jibu lilikuwa njiani. Hapa kuna ujumbe kwa meneja, nusu umetoka, nusu umebaki. Kila jambo lilikuwa limesimama mguu juu, kama watoto kwenye mchezo mtu akipiga kelele wasitikisike.

Mume wangu, babu yake Kiroboto, alipofariki nilikaa kando ya kitanda nikitamani kujua alikuwa anawaza nini. Midomo ilikuwa wazi kidogo, kama ana neno. Mpaka leo sijalijua. Na hapa kitu cha bati na nyaya kimekufa, na sisi tunazunguka ndani ya wazo lake la mwisho na viatu vyetu! Nilijikuta nimeshika mkoba kwa mikono miwili na kupumua polepole, nisije nikapuliza kitu kikaanguka.

"Mzee," Mpasuaji akamuuliza mwanangu, "ulikuwa unaandika nini?"

"Kwamba pampu ya pili inatetemeka."

Mpasuaji akasogeza, akatafuta, akasimama. Kwenye kioo pakaandikwa: *pampu ya pili inatete*

Basi. Neno limekatika hapo.

Mwanangu aliinuka, akaweka kidole juu ya kioo. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo iliponifia mkononi."

"Na swichi haikuguswa," Mpasuaji akasema. "Ingeguswa ingeonekana hapa. Mtu anayelala haandiki."

Nikapiga kigelegele, watu wote chumbani wakageuka. Lakini Kiroboto hakugeuka. Alikuwa amechukua kipanya mwenyewe, anashuka chini zaidi kwenye picha, na huko chini kulikuwa kumejaa rangi nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hizi zimechukuliwa, zikatumika, na hazikurudishwa," akasema. "Sehemu ya kuzirudisha niliiandika mimi. Niliiandika vibaya."

"Sema mashine ilichoka," baba yake akasema haraka. "Mashine huchoka."

"Haichoki, baba."

"Basi sema kampuni. Kampuni haina uso, nani ataitukana?"

"Meneja wako atauliza kwa nini ilizimika. Nikificha chanzo, atasema picha imepikwa na binti yako, na hilo neno lako la nusu litakuwa takataka tena." Akaandika ripoti pale pale, picha juu, jina lake chini, akaituma kwa meneja na kwa mkuu wake.

Mkuu wake alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya raba. Alikuja akaisoma amesimama. "Rekebisha leo," akamwambia. "Na mistari hiyo ya Mpasuaji iingie ndani ya kiini, kila toleo litoke nayo, ili siku nyingine tusingoje mpaka bibi aje. Hayo mengine ya kwako tutaongea Jumatatu." Hakutabasamu, hakununa. Hiyo Jumatatu ilibaki inaning'inia juu ya meza.

Baada ya muda simu ya mwanangu ikalia. Meneja. Kaka, rudi kazini, hata sasa hivi, pampu zinaendeshwa kwa mkono na hakuna anayezijua kama wewe. Neno samahani sikulisikia. Mwanangu akasema atakuja, akakata, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Lakini hakuondoka. Alivuta kiti akakaa bega kwa bega na binti yake.

"Nionyeshe tena zile nyekundu."

"Za nini, baba? Ziko nyingi."

"Nimekaa na ile mashine chumba kimoja muda wote huo," akasema, "inajaa hivi, na mimi sijasikia hata mkoromo. Nataka nizione."

Kiroboto akajifuta uso kwa mkono wa blauzi. Kisha akarudi mwanzo kabisa wa picha na kuanza kumtajia kurasa polepole, kidole juu ya kioo: huu ulikuwa wa saa, huu wa pampu, huu ulikuwa wako.