Kikaratasi Kilichogeuka Buluu

"Usinitekenye," mama alisema, ingawa mguu ule haukuwa ukihisi chochote tangu mwaka jana.

Binti yake, mtafiti, hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha wodi, akiifungua bandeji taratibu. Aliitengeneza yeye mwenyewe: utando laini ambao bakteria hawakutakiwa kupata pa kushika. Ujana wake wote uliishia maabara, na mvi zikamtokea humo humo. Mgonjwa wa kwanza kukubali kuijaribu alikuwa mama yake mzazi. "Kama si mimi, nani?" aliuliza siku ile, akamtania daktari kwamba wenzake wana mabinti wanaofuga kuku, wake anafuga wadudu.

Daktari alishawaambia wazi. Wadudu wakirudi kidondani, mguu unakatwa.

Kidonda kilionekana safi, lakini macho hudanganywa. Ndiyo maana kulikuwa na kikaratasi, nacho kazi ya mikono yake, cheupe, chembamba kama ganda la kitunguu. Kikigusa majimaji yenye bakteria, hugeuka buluu. Huko maabara kilimtesa: mara kigome, mara kigeuke bila sababu, hadi wenzake wakamshauri aachane nacho. Leo alikigusisha kidondani akiomba kigome tena, mara hii tu.

Hakikugoma. Buluu ilianzia pembeni, ikatambaa, ikajaa.

Akafungua cha pili. Hicho kiligeuka upesi zaidi. Bandeji yake ilikuwa imeshindwa, na kilichomletea habari ni kikaratasi chake mwenyewe. Aliichukia mikono yake.

"Kimegeuka?" mama aliuliza, akiinua shingo. "Hebu nione."

"Mama..."

"Si ndicho kile kilichokuwa kikikunyima usingizi? Kimefanya kazi, au sivyo?"

"Kimefanya, mama."

"Ehee! Si nilisema mimi!" Akampokonya, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Jirani, tazama! Mwanangu kafaulu."

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nitakusikiliza, mwanangu. Acha nifurahi kidogo."

Daktari alikuwa ameshasimama mlangoni. Mtafiti akaulaza mguu juu ya shuka. Vidole vya mguu huo wa mama, vyenye kucha alizozikata yeye asubuhi ile, vilikuwa vikicheza kwa furaha.