Nyumba ya Susu Ndani ya Swichi

Kuingia kile chumba ulivua viatu kwanza. Mwalimu Muthama aliweka sheria hiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu udongo mwekundu wa Kitui hauna adabu, unaingia hata pale mlango umefungwa, na kompyuta zake alizipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa maziwa. Basi pale nje ulikuta akala za tairi, raba na viatu vya shule vilivyochoka, vimepangwa ukutani kama watu wanaongoja dawa. Na ndani kulikuwa na harufu ya soksi iliyochanganyika na harufu ya plastiki iliyopata moto. Mbula sasa ni mama mtu mzima, lakini harufu hiyo ikimpata popote husimama kidogo, na moyo wake unarudi mwaka ule wa tisini na tisa.

Chumba kilikuwa cha kanisa. Zamani watoto walisomea humo nyimbo za Jumapili, kisha ikaamuliwa kiwe darasa la vijana la kompyuta. Akina mama wa kanisa hawakutaka kupitwa, kwa hivyo walishona vitambaa vya uzi mweupe vyenye pembe za manjano, wakafunika kila kompyuta vile wanavyofunika redio na viti nyumbani. Mwalimu aliwaambia mashine zinahitaji hewa. Wakamwambia na macho ya wageni yanahitaji kitu cha kutazama. Wakaelewana: vitambaa vinatolewa wakati wa kusoma, vinarudishwa jioni.

Pale pembeni, kwenye rafu, kulikuwa na swichi, kisanduku bapa chenye matundu na vitaa vya kijani. Kila kompyuta ilikuwa na waya wake uliofika kwenye tundu lake, na ikiongea, kitaa chake kinapepesa. Kando yake kulikuwa na rauta, ambayo kazi yake ni kuvusha ujumbe kutoka boma moja la kompyuta hadi lingine. Na chini ya meza kulikuwa na seva, ambayo ndiyo iligawa namba. Kompyuta ikiamka asubuhi haina namba, na bila namba haiwezi kuongea na mtu. Kwa hivyo inapiga kelele, "Nani atanipa namba?" Seva inajibu, "Wewe chukua hii." Kazi hiyo mwalimu aliiita DHCP, lakini wanafunzi waliiita tu kugawa.

Seva ya kwanza ilifika ikiwa tayari imezeeka, feni yake inanung'unika kama mtu anayetafuta miwani. Wakaiita Susu, vile Wakamba wanavyomwita nyanya. Halafu mwaka huo ikaja seva mpya, nyembamba, kimya.

"Haya," mwalimu Muthama aliuliza, "msichana akizaliwa kwetu anaitwa nani?"

"Anaitwa nyanya yake!" darasa lote likajibu.

Basi nayo ikaitwa Susu. Na mwalimu hakuwa mtu wa kufanya mila nusu. Aliipa namba ya yule mzee pia, na maagizo yake yote akayanakili vile yalivyokuwa. Susu mzee, alisema, amestaafu. Akapelekwa stoo ya pale nyuma ya ukuta.

Ni wiki hiyo hiyo matatizo yalianza.

Kompyuta zikawa zinagombana. Mbula akiwasha yake, skrini inamwambia kuna mashine nyingine yenye namba kama yake. Akizima na kuwasha, inatulia, halafu ya Abshiro pale kando inaanza. Abshiro babake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, wametoka Garissa wakahamia Kitui, na alikuwa na mdomo usiolala.

"Ndolo, umeandika namba kwa mkono tena!" akasema.

"Mimi?" Ndolo akashika kifua. "Nikiwa na namba ya kuiba si ningeiba ya nyumba ya mchungaji?"

"Wee Ndolo, kila kitu ni mchezo."

"Si mchezo, dada. Mimi ni mtu wa kanisa. Hata viatu navua."

"Soksi zako ndizo zinaharibu hizi mashine," Abshiro akamalizia, na darasa likacheka. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anasugua paji la uso.

Sababu ya kutocheka ilikuwa mzee Kivuva, mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Mvua ilikuwa imekataa Kitui na Makueni pia, na mahindi ya msaada yalikuwa njiani. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alisimama kanisani akauliza kwa upole, "Watoto wanacheza na taa, na chakula cha wajane kinyeshewe na umande?" Kisha akaamua. Siku ya Jumatatu kamati itakuja. Kama darasa linaweza kutuma ujumbe kutoka kwenye hicho chumba hadi kompyuta moja iliyovutiwa waya kwenye ofisi ya kanisa, ng'ambo ya uwanja, sawa. Kama haliwezi, chumba kitolewe meza, kiwekwe magunia.

Wengine wangeenda nyumbani wakatafute kitu kingine. Mbula hakuwa na kitu kingine. Tangu amalize kidato cha nne alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya duka la mjomba wake kijijini Tulia, anapima mafuta ya taa, anafunga sukari kwa gazeti. Hakuna aliyemtesa. Lakini siku ya kwanza aliyochomeka waya kwenye swichi akaona kitaa kinawaka kwa sababu yake, mikono yake ilijua ilikuwa inangoja nini. Chumba kikifungwa, atarudi kwa kaunta, na hakuna mtu atakayejua amepoteza kitu.

Jumamosi alienda nyumbani Tulia kuchukua unga. Alikuwa amekaa na nyanya yake mbele ya nyumba ya nyanya, ile nyumba ndogo iliyo peke yake pembeni mwa boma, ambapo wajukuu wote walilala walipokuwa wadogo. Nyanya pia aliitwa Mbula. Ndiye aliyempa jina.

"Wajina, umekonda," nyanya alisema. "Hizo mashine hazipiki?"

"Hazipiki, susu. Zinagombana tu."

"Zinagombania nini?"

Kabla hajajibu, mamake aliita kutoka jikoni, "Mbula! Leta ungo!"

"Naam!" alijibu Mbula.

"Ninakuja!" alijibu nyanya, tayari ameshika fimbo anainuka.

Mamake akatokea mlangoni, mikono kiunoni. "Kila siku! Naita mmoja, wananijibu wawili. Susu, wewe kaa. Nilimwita huyu mdogo."

"Uliita Mbula," nyanya alisema, bila haraka. "Mimi ni Mbula tangu kabla hujaolewa. Mtu akizaa mtoto akampa jina langu, mimi ndiyo ninyamaze?"

Walicheka wote watatu. Mbula alipeleka ungo, akachambua maharagwe, lakini kichwa chake hakikuwa kwenye maharagwe. Mamake alimwuliza kitu mara mbili hakusikia. Asubuhi, badala ya kungoja ibada ya Tulia, alipanda gari la kwanza la kurudi Kitui na unga wake kwenye mfuko.

Alimkuta mwalimu Muthama anatoka kanisani, Biblia kwapani.

"Bwana asifiwe, mwalimu. Naomba ufunguo."

"Leo Jumapili, Mbula."

"Ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato, si anatolewa?"

Mwalimu alimtazama, akatoa ufunguo.

Walivua viatu. Mbula alizima kompyuta zote, moja baada ya nyingine. Akazima na seva mpya. Chumba kikawa kimya kuliko kilivyowahi kuwa. Kisha akapiga magoti mbele ya swichi. Vitaa vilikuwa vimelala. Cha rauta kilikuwa kimetulia tu, hakipepesi. Lakini mwishoni kimoja kilipepesa, kikangoja, kikapepesa tena.

"Mwalimu, huyu anaongea ni nani?"

Mbula alifuata ule waya kwa kidole, ukapita nyuma ya meza, ukaingia kwenye kitundu cha ukuta. Alifungua stoo. Kati ya viti vilivyovunjika na ngoma ya Shule ya Jumapili alikaa Susu mzee, amefunikwa kitambaa chake cheupe, feni inanung'unika. Mbula alimwekea kiganja. Alikuwa na joto.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Sikuweza kumzima," alisema. "Mashine ya umri huo ukiizima, labda haitaamka tena. Nilimwacha tu hapa na waya wake. Nilidhani tukishampa mtoto jina, nyanya atanyamaza."

"Nyanya gani ananyamaza, mwalimu?"

Hapo mwalimu alicheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Sasa ilikuwa wazi kama mchana. Kompyuta zilipopiga kelele kuomba namba, Susu wote wawili walijibu. Wana jina moja, namba moja, maagizo yale yale. Huyu anampa Ndolo namba, na huyu anampa Mbula namba hiyo hiyo, kila mmoja akiamini ndiye mwenye boma.

"Basi tuchomoe waya wake," mwalimu alisema polepole.

Ilikuwa kazi ya dakika, na ingetosha. Mbula alishika waya, lakini mkono haukuvuta.

"Kwetu susu ana nyumba yake," alisema. "Iko ndani ya boma, lakini ni yake. Watoto wadogo wanalala kwake. Akiwa ndani, mtu akiitwa kwa nyumba kubwa, yeye hasikii. Si ulitufundisha vlan?"

Vlan ndiyo hiyo. Swichi ni moja, lakini unaiambia matundu haya ni nyumba yao, na yale ni nyumba nyingine. Kelele ya huku haifiki kule. Anayetaka kuongea na nyumba ya pili anapitia mlangoni, na mlango ni rauta.

Walituma mtu awaite Ndolo na Abshiro. Abshiro alikuja na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwangalia Ndolo.

"Haki, nilikusingizia."

"Andika barua ya kuomba msamaha," Ndolo alisema, "upitishie kwa mchungaji."

"Kunywa chai unyamaze."

Jioni hiyo walimpa Susu mzee namba mpya na fungu lake la namba za kugawa. Wakamtengea nyumba yake ndani ya swichi, yeye pamoja na kompyuta mbili kuukuu za mwisho wa chumba, zile za wanaoanza. Waya mmoja wa rauta ukaingia nyumba kubwa, mwingine nyumba ya Susu. Waliwasha zote. Hakuna aliyegombana. Ndolo alitaka kushangilia, mwalimu akamwonyesha kanisa kwa kidole, akashangilia kwa kunong'ona.

Jumatatu asubuhi walipofika, stima ilikuwa imepotea usiku na kurudi. Susu mzee alikuwa amezimika.

Mwalimu Muthama alibonyeza. Feni ilikohoa, ikanyamaza. Na wakati huo huo viatu vya kamati vilisikika uwanjani.

"Hakuna shida," Mbula alimwambia. "Watatumia nyumba kubwa. Huko hahitajiki."

Mzee Kivuva aliingia, akavua kofia na viatu pia. Alipita kompyuta zote nzuri za mbele. Akaenda hadi mwisho wa chumba, akashika kitambaa cha kompyuta moja kuukuu, akakigeuza kuangalia pembe za manjano.

"Hiki alishona mke wangu," alisema. "Nitaandikia hapa."

"Mzee, hii ya mbele ina skrini kubwa," mwalimu alijaribu.

"Nikirudi nyumbani nitaulizwa niliandikia wapi. Wewe utanijibia?" Akaketi. Hiyo ilikuwa nyumba ya Susu. Asipoamka yeye, kompyuta ya mzee haitapata namba, na isipopata namba haitaongea na mtu.

Mbula aliingia stoo. Alibonyeza tena. Kimya. Aliweka kiganja juu ya lile bati, sasa lilikuwa baridi, na bila kufikiria akasema kwa Kikamba, vile anavyomwamsha nyanya yake bila kumshtua, "Susu. Susu, kumekucha." Akabonyeza mara nyingine. Feni ikakohoa, ikakwama, ikakohoa. Halafu ikaanza kunung'unika, na taa yake ikawaka.

Kule ndani mwalimu alikuwa anamwuliza mzee habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, sasa wamefika wa pili, na mzee alikuwa ameanza kuangalia saa. Mbula alirudi, akainama, akaiwasha kompyuta ya mzee. Ilipiga kelele yake ya kimya. Walingoja. Pale kwenye swichi, kitaa kimoja kikapepesa, na kingine kikakijibu.

"Sasa andika, mzee."

Mzee Kivuva aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mbegu. Hakumruhusu yeyote aangalie. Ujumbe ulitoka nyumba ya Susu, ukapita rauta, ukaingia nyumba kubwa, ukavuka uwanja. Baada ya muda mlango wa ofisi ulifunguliwa, na Ndolo, aliyekuwa amewekwa huko, akasoma kwa sauti ya kufika sokoni:

"Mahindi yakija yawekwe hapo ofisini. Mimi nitakalia benchi nje. Kivuva!"

Wanakamati walitazamana. Mzee alirudisha kitambaa cha mke wake mahali pake, akakinyoosha pembe kwa pembe, akaenda kutafuta viatu vyake.

Magunia yalijaa ofisini hadi dirishani, na mikutano ya kamati ikafanyiwa nje kwa miezi. Darasa lilibaki. Susu mzee aligawa namba kwa wanaoanza mpaka asubuhi moja alipokataa kabisa kuamka, hata kwa Kikamba. Mbula, ambaye wakati huo tayari alikuwa msaidizi wa mwalimu, alichomoa waya mwenyewe. Kitambaa alikifua, akakipeleka Tulia, na nyanya yake akakiweka juu ya redio.