Nyumba Imekutwa Tupu

Leanne alianza na jiko, maana jiko ndilo linalomsema mwanamke akishaondoka. Alipiga magoti sakafuni, akaingiza kichwa na mkono mzima ndani ya oveni, akasugua mafuta yaliyogandia humo tangu wahamie. Vidole vilikuwa vimeanza kuchubuka. Ghorofani mumewe Darren alikuwa anaziba matundu ya misumari kwa dawa ya meno nyeupe, tundu moja kwa kila picha waliyoishusha ukutani.

"Inatosha, Leanne!" Darren alipaza sauti kutoka juu. "Mwenye nyumba mwenyewe anasema anauza. Mnunuzi atakuja na mafundi wabomoe kila kitu."

"Waache wabomoe. Wabomoe pasafi."

Marehemu mama yake aliishi nyumba za kupanga maisha yake yote, na hakuna hata moja aliyoihama bila kupiga deki mpaka jiwe la mlangoni, lile la nje, linalokanyagwa na kila mtu. Hakutaka majirani waseme pale walikaa wachafu. Leanne naye alilelewa hivyo. Alipomaliza jiko akashuka kwenye zulia la sebuleni, akalisugua kwa brashi ya mkono na maji ya moto, kipande kwa kipande, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Lilipokauka, lile doa la chai lililoshindikana miaka yote lilikuwa limetoka. Ilimuuma kwamba limetoka siku ya kuhama.

Hawakudaiwa kitu. Hilo lieleweke kabla ya mengine yote. Kodi ilikuwa ikitoka kila mwezi kabla ya chakula, na miezi mingine chakula chenyewe kilitoka kanisani, kwenye maboksi ya msaada. Lakini masika yale Bwana Threlfall, mwenye nyumba, alikuja, akakaa kitini, akanywa chai, akala biskuti mbili, halafu akatoa notisi mfukoni. Alisema yeye si mtu mbaya, ila soko la nyumba limepanda. Sheria haikumtaka ataje kosa, kwa hiyo hakutaja. Hakimu aliidhinisha bila hata kuwaona sura, na mahakama ikapanga siku ya dalali wake kuja kuwatoa: Jumanne asubuhi.

Miezi hiyo yote walitafuta nyumba nyingine. Huyu hataki watoto, yule anataka mdhamini mwenye mshahara mnono, mwingine akisikia Darren anafanya kazi ya kuitwa ghalani, leo ipo kesho haipo, anakata simu. Ndipo Leanne akaenda halmashauri kuomba nyumba za serikali. Mzee mmoja wa dirishani alimjibu bila kuinua macho. "Rudini nyumbani. Kaeni humo humo mpaka dalali wa mahakama awatoe, ndipo mje." Leanne alidhani ni maneno ya mtu mvivu anayeahirisha kazi. Haikumjia akilini kwamba serikali inaweza kumshauri mtu aivunje amri ya mahakama ya serikali hiyo hiyo.

Angekaa, pengine, kama si yale ya jirani. Kipupwe kilichopita familia iliyokuwa inakaa ng'ambo ya barabara ilitolewa na dalali. Godoro lililala mvuani siku nzima. Mtaa mzima ulitoka, vijana wakapiga picha za simu, na binti wa nyumba ile akabaki anaitwa "Godoro" shuleni mpaka akaacha kwenda. Keeley, binti yake Leanne, alikuwa darasa moja naye.

"Mama, mimi hapana," Keeley alimwambia wiki iliyopita, kwa sauti ya chini kabisa. "Wakija kututoa vile, shule sirudi tena."

Leanne akaamua. Wangetoka Jumatatu, kwa miguu yao, watoto wakiwa wamechanwa nywele, kabla dalali hajaja.

Bwana Threlfall alifika mchana wa Jumatatu hiyo. Alipita chumba kwa chumba, akafungua oveni, akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha na kukitazama.

"Laiti wapangaji wangu wote wangekuwa kama ninyi," alisema. "Mmeniondolea usumbufu mkubwa. Si kila mtu anaondoka kistaarabu."

Akanyoosha mkono. Leanne akamkabidhi funguo, na mwanamke wa watu, alijisikia fahari.

Alasiri walikuwa halmashauri, wanne, na mabegi yao. Jude, mtoto wao mdogo, alikuwa amekumbatia kifuko cha mpira cha maji ya moto anacholala nacho, japo hakikuwa na maji. Msichana aliyekaa nyuma ya kioo aliitwa Imogen. Jina lilikuwa kifuani pake pamoja na picha yake anacheka. Alimwita Leanne "Leanne" tu, kana kwamba wamekua nyumba moja.

"Hebu tuelewane, Leanne. Dalali anakuja lini?"

"Kesho asubuhi."

"Kwa hiyo leo mna pa kulala."

"Hatuna. Tumesharudisha funguo."

Vidole vya Imogen vikasimama juu ya kompyuta. "Mlizirudisha kwa nini?"

"Si nyumba yake? Mahakama imesema tutoke, tumetoka."

"Mahakama ilisema, ndiyo. Lakini hamkutolewa."

"Tofauti yake ni nini?"

"Tofauti ni kwamba mmeondoka wenyewe. Kisheria mmekosa makazi kwa makusudi. Na aliyekosa makazi kwa makusudi, halmashauri hailazimiki kumpa nyumba."

Darren akacheka, kicheko kibaya. "Makusudi? Yaani mimi na mgongo wangu huu nimeamka leo nikasema, ngoja niwachukue wanangu tukalale barabarani, tubadilishe hewa?"

"Usinipandishie sauti, tafadhali. Tangazo lile pale."

Tangazo lilikuwa juu ya kichwa chake: halmashauri haitavumilia lugha ya matusi dhidi ya watumishi wake. Hapakuwa na tangazo lolote lililosema msirudishe funguo.

"Dada," Leanne alisema, "ulitaka tungoje vitu vyetu vitupwe nje, watoto wanaona?"

"Ndiyo," alisema Imogen. Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeelekeza choo kilipo. "Ndio utaratibu wenyewe."

Leanne alitamani kuvunja kile kioo. Alitamani kumvuta yule binti kwa kamba ya kitambulisho chake mpaka paji la uso ligonge. Badala yake alipangusa ukingo wa dirisha kwa kiganja, mara mbili, kama anayefuta vumbi.

"Watoto ni habari nyingine," Imogen aliendelea. "Watoto hawaadhibiwi kwa makosa ya wazazi. Idara ya watoto inaweza kuwatafutia mahali."

"Sisi wote?"

"Watoto."

Keeley alikuwa amesikia. Alimshika Jude kofia ya koti kwa nyuma, akaikunja ngumini, wala hakuiachia tena.

Imogen akatazama huku na huku, akasogea karibu na matundu ya kusemea. "Sikiliza. Mimi sikutunga sheria. Kama kesho dalali angewakuta ndani, akaandika amewatoa, ningekuwa na karatasi yake hapa na jioni hiyo hiyo ningewapa chumba. Hata cha hoteli. Ninachohitaji ni kutolewa kwenu. Ninyi hamjatolewa."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Leanne alisimama chini ya paa la kituo cha basi, akampigia simu mwenye nyumba.

"Bwana Threlfall, samahani sana. Naomba ufunguo mpaka kesho tu. Dalali akija atukute, atutoe, basi. Hutapoteza kitu."

"Umesemaje?"

"Halmashauri hawatusaidii mpaka tutolewe kwa nguvu. Wamesema hivyo hivyo, kwa mdomo wao."

"Mama, unanionaje mimi?" Sauti ya kistaarabu ilikuwa imekwisha. "Nyumba nimeshaipata, niwarudishe tena ndani, halafu mgome kutoka? Fundi ameshabadilisha kitasa."

"Unatujua. Umeona tulivyoiacha."

"Nimeona. Ahsanteni. Usinipigie tena."

Walilala kwenye gari lao dogo, katikati ya mabegi, kwenye maegesho ya duka kubwa. Alfajiri Darren alitembea kwenda ghalani, kwa sababu asiyetokea siku moja haitwi siku ya pili. Alitaka kubaki, Leanne akamwambia aende. Hakumwambia alichopanga.

Asubuhi ile ya Jumanne aliwasha gari, akarudi na watoto kwenye mtaa wao. Aliwaleta makusudi. Sasa ndipo alipokuwa na makusudi. Dalali lazima aikute familia, siyo mwanamke mmoja anayezurura mlangoni. Waliketi kwenye jiwe la mlangoni, lile alilolipiga deki jana, na ng'ambo ya barabara pazia la jirani yao, Bibi Pugh, likasogea kidogo.

"Tunafanya nini hapa?" Keeley aliuliza.

"Tunangoja kutolewa."

"Lakini tumeshatoka."

"Ndiyo maana."

Dalali wa mahakama alikuwa mtu mnene mwenye koti la manjano, na uso wa baba wa watu tu. Bwana Threlfall alikuja nyuma yake na funguo mpya. Hakuwa ameiarifu mahakama kwamba nyumba iko wazi. Alitaka karatasi rasmi, asije mtu akamgeuka.

"Habari ya asubuhi, mpenzi," alisema dalali, kama anavyowaambia wote anaowatoa. "Kuna mtu ndani?"

"Sisi," alisema Leanne, akasimama. "Sisi ndio wenyewe. Tutoe."

Dalali akamtazama, akatazama mlango uliofungwa nyuma yake.

"Huyo alirudisha funguo jana," alisema Threlfall. "Kwa hiari yake. Asikupotezee muda."

Mlango ukafunguliwa. Dalali aliingia peke yake, wakamsikia akipanda ngazi, akishuka, akiita katika kila chumba, "Kuna mtu?" Nyumba haikuwa na kitu cha kumeza sauti, ikawa inamrudishia. Alitoka akiandika.

"Unaandika nini?" Leanne aliuliza.

"Nyumba imekutwa tupu."

"Usiandike hivyo. Nakuomba. Andika ulitukuta. Neno moja tu, kaka yangu, neno moja na watoto wangu wanabaki na mimi."

"Nikiandika uongo napoteza kazi, mpenzi. Nami nina wangu."

"Uongo? Tumekaa humu! Jude alizaliwa tukiwa humu!"

"Lakini leo hamumo. Siwezi kumtoa mtu mahali asipokuwepo."

Leanne akampita. Hakukimbia, alimpita tu, bega kwa bega, akaingia sebuleni, akaketi kwenye zulia kando ya ukuta, akalikumbatia kwa mikono yote miwili bomba la chuma la kupashia joto nyumba. Chuma kilikuwa baridi. Sabuni yake mwenyewe ilikuwa bado inanukia.

"Nimo!" alipiga kelele. "Si mnanitaka ndani? Nimo! Nitoe! Nishike miguu unikokote, uandike!"

"Toka nyumbani kwangu," Threlfall alisema, simu imeshafika sikioni. "Polisi? Kuna mvamizi."

"Mvamizi! Jana nilikuwa mstaarabu!"

Dalali alisimama mlangoni na kalamu yake, uso umemwiva. "Mama, hii haihesabiki. Hata nikikutoa sasa haihesabiki. Inuka, usijitie matatani."

Lakini Leanne alikuwa hasikii tena. Alikuwa analia na kutukana, matusi ambayo hajawahi kuyatamka mbele ya wanawe, akiwatukana mwenye nyumba na halmashauri na hakimu asiyewahi kumwona, na nafsi yake pia, mjinga aliyesugua oveni ya mwizi. Milango ya mtaa ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Bibi Pugh alitoka na gauni la nyumbani. Vijana wawili waliokuwa wakienda shule, wenye sare kama ya Keeley, walisimama kwenye uzio na kuinua simu.

Keeley aliwaona. Aliwatazama mpaka wakajua kwamba amewaona, nao hawakushusha simu. Kisha akageuka, akamvuta Jude mpaka kwenye kizingiti, ambako mama yao alikuwa anaonekana sakafuni, nywele zimemfunika uso.

"Ingieni!" Leanne aliwaita. "Njooni mkae hapa! Njooni tutolewe!"

Kwenye kizingiti Keeley akasita. Viatu vyao vilikuwa na tope la maegesho. Akainama kwenye jiwe la mlangoni, mbele ya simu zile, akavua vyake, akafungua kamba za vya Jude, akavipanga vyote nje ukutani, jozi mbili. Kisha wakaingia kwa soksi.