Kielelezo Namba Tatu

Bunduki haikuenea kwenye gunia. Nyamizi alijaribu kuilaza, akajaribu kuisimamisha, na mara zote mtutu ulichomoza juu, mweusi, umeota kutu. Mwishowe mumewe, Ndassa, akautoa mkeka kitandani, ule waliokuwa wakilalia wote wawili, akautandika sakafuni. Wakaiweka katikati pamoja na risasi zake, wakaviringisha, wakafunga kamba za katani sehemu tatu. Ukitazama haraka ungesema ni mama anapeleka mkeka wake sokoni Biharamulo. Ukitazama mara ya pili, loo, Mungu apishe mbali!

"Acha niende mimi," Ndassa alisema.

"Mwanamume mwenye bunduki ni jambazi kabla hajafungua mdomo. Mimi mama mtu mzima watanisikiliza."

Walikuwa wamebishana hivyo siku nne. Siku nne tangu jembe la Nyamizi ligonge chuma kwenye shamba la mihogo walilokodi kando ya msitu. Alidhani ni jiwe. Alipofukua alikuta karatasi ngumu ya plastiki, ya zile za kambi za wakimbizi, na ndani yake SMG moja na risasi kumi na moja. Nani aliizika, na ni vita gani ya ng'ambo ya mpaka iliyoileta, hakuna aliyejua. Alichojua yeye ni kwamba sasa iko chini ya kitanda chake na usingizi umemhama.

Wiki hiyohiyo gari la matangazo lilikuwa limepita kijijini kwao, Mwashilungu, sauti ya kike ikipaa kwenye kipaza sauti. Nchi jirani zimeungana, ilisema, silaha haramu zinasakwa pande zote za mpaka. Mwenye silaha aisalimishe kwa hiari kituo cha polisi kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Hatakamatwa. Hataulizwa swali hata moja.

Na Ijumaa ndiyo hii.

Asidhani mtu kwamba Nyamizi alikurupuka. Alianza kwa mtendaji wa kijiji, kama inavyopasa, kuomba barua ya utambulisho. Mtendaji alimsikiliza hadi mwisho, akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Unataka niandike kwa mkono wangu kwamba kijiji changu kina bunduki ya kivita? Mama, taarifa nimeshapeleka wilayani. Mwashilungu hakuna silaha. Nimegonga na mhuri."

"Lakini ipo, mtendaji."

"Ipo kwako. Kwenye taarifa haipo. Irudishe ulikoitoa."

Airudishe! Msitu wenyewe unapigwa doria asubuhi na jioni, mtu akionekana anachimba atasema nini? Siku hiyo Nyamizi alirudi nyumbani na hasira, akapika ugali ukaungua.

Na kuibeba wazi begani, ili kila mtu aone nia yake? Hilo ndilo lisilowezekana kabisa. Kwa Wasukuma wa Mwashilungu mtu akiona hatari hupiga mwano, ule ukelele mrefu wa kuitana, na ukishapigwa kila mmoja hutoka na alichonacho mkononi. Asiyetoka huhesabiwa mshirika wa wezi. Mwaka juzi kibarua mmoja kutoka Burundi, Nkeshimana, aliokota gobore mtoni akaliweka begani kulipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwanamke aliyekuwa akiteka maji akamwona, akapiga mwano. Kabla jua halijafika utosini Nkeshimana alikuwa amefunikwa shuka, na hakuna aliyekuwa amemuuliza anakwenda wapi. Nyamizi alitoka siku hiyo na mchi. Aliutumia. Hilo hajawahi kulisema hata kwa padri.

Ndiyo maana wakachagua mkeka.

Mwendesha bodaboda aliyempata njia panda aliitwa Anuari, mtu wa mjini, baba wa watoto wanne, mwenye maneno mengi.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Nipeleke polisi."

"Polisi? Umeibiwa?"

"Nipeleke tu, baba. Moja kwa moja, usisimame popote."

Anuari akacheka. "Wenzako wanapakwepa, wewe unakwenda na mkeka kabisa! Umeambiwa utalala huko?"

Nyamizi aliulaza mkeka mapajani, akaubana kwa viwiko vyote viwili. Kila pikipiki iliporuka shimo alisikia chuma kikigonga chuma ndani, akakohoa ili Anuari asisikie. Vumbi likamjaa puani. Walipita mashamba ya tumbaku, wakapita watoto wa shule, wakapita lori la Kongo lililopasuka tairi. Alikuwa akihesabu vilima. Bado viwili tu, alijiambia, kisha nitalitua hili dude.

Baada ya daraja, lami ilipoanza, kwenye kona, palikuwa na kizuizi. Wiki iliyopita hakikuwepo. Gogo lenye misumari lilikuwa limelazwa barabarani, na pembeni turubai jipya limeandikwa Operesheni Mpaka Safi. Anuari akapunguza mwendo. Moyo wa Nyamizi uliruka, kisha, jambo la ajabu, ukatulia. Kwani anakwenda kwa nani? Si kwa hawahawa? Polisi wamemfuata njiani, safari imefupika.

Sajenti aliyewasimamisha alikuwa na jina Juvenali kifuani. Nyamizi angeweza kumzaa. Hata hivyo yeye ndiye aliyewahi kusema, "Shikamoo, afande."

"Marahaba," Juvenali akaitikia bila haya. "Mkeka una nini?"

"Afande, nilikuwa nauleta kwenu, humu ndani kuna—"

Kisu cha Juvenali kilikuwa kimeshakata kamba ya kwanza. Akakata ya pili na ya tatu. Mkeka ukajifungua wenyewe barabarani, na askari watatu wakarudi nyuma kwa pamoja, bunduki zao zikamwelekea mama mmoja mwenye kanga na ndala.

"Lala chini!"

Akalala. Lami ilikuwa ya moto. "Nasalimisha!" alipiga kelele. "Jamani, nasalimisha! Nilikuwa naileta kituoni!"

"Hapa ni kituoni?" Juvenali aliuliza.

"Hapana, afande, lakini ndiko ninakokwenda. Zimebaki kilomita kumi tu."

"Kwa hiyo hujafika."

"Sijafika kwa sababu mmenisimamisha!"

"Anayesalimisha hafichi. Wewe umeificha kwenye mkeka."

"Ningeibeba wazi wangeniua."

"Nani wangekuua?"

Nyamizi akafungua mdomo, akaufumba. Aseme nani? Majirani zake? Aseme wamejuaje kuua, na walianza kwa nani, na yeye siku hiyo alishika nini? Aliuona mkono wa Nkeshimana ulivyokuwa umejikinga usoni. Juvenali akatikisa kichwa kama mwalimu aliyemnasa mwanafunzi.

"Umeona? Huna jibu."

Anuari alikuwa amesimama kando, amevua kofia. Lakini hakuwa mtu mbaya. "Afande," alisema, "kweli mama huyu aliniambia nimpeleke polisi. Tena moja kwa moja. Nilimtania hata."

Juvenali akamsogelea karibu sana. Akamtengenezea kola ya shati, taratibu.

"Wewe ndiye uliyebeba silaha ya kivita kwenye pikipiki yako. Sasa nikuulize vizuri. Unataka kuwa shahidi au mshitakiwa wa pili?"

Nyamizi alimtazama Anuari kutoka pale chini kwenye lami. Anuari alitazama pikipiki yake.

"Alikwambia umpeleke wapi?"

"Sokoni," Anuari akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Alisema anakwenda kuuza mkeka."

Wakampeleka Nyamizi nyuma ya turubai ili akaguliwe na askari wa kike. "Inua mikono, mama," yule askari alisema, na Nyamizi akashtuka. Sauti ile! Aliisikia kijijini, ikipaa juu ya migomba.

"Ni wewe! Wewe ndiye uliyepita na gari la matangazo. Ulisema hataulizwa mtu swali. Mwambie, mwanangu. Mwambie ulichosema!"

Askari, aliyeitwa Diana, alimpapasa mbavuni. "Nilisoma karatasi niliyopewa," alinong'ona.

"Basi isome tena, asikie."

"Nina mwaka mmoja tu kazini, mama."

Nje, Juvenali alikuwa kwenye simu, na turubai si ukuta. "Ndiyo, mkuu. SMG, nzima kabisa. Na mtuhumiwa yupo... Hapana, mkuu, si ya kusalimishwa, hizo zimeshakuwa thelathini, magobore matupu. Hii imekamatwa. Kwa zilizokamatwa hii ni ya tatu. Ndiyo. Wageni Jumatatu hawatatucheka."

Nyamizi aliyasikia yote. Ndipo alipoelewa kwamba hapakuwa na kutoelewana kokote, kwamba angeeleza hadi kesho na wangemwelewa vizuri tu. Akakaa chini bila kuambiwa.

Maelezo aliyaandika Diana, Juvenali akimtajia neno kwa neno. Nyamizi aliishia darasa la nne, lakini kusoma anajua, polepole, kwa kidole. Kidole kikafika kwenye mstari wa tano kikasimama.

"Hapa mmeandika nilikamatwa nikijaribu kukimbia."

"Weka sahihi."

"Sikukimbia. Nilikuamkia."

"Weka sahihi, mama, tusipotezeane muda."

"Siweki."

Juvenali hakukasirika hata kidogo. Akamwambia Diana aandike chini: mtuhumiwa amegoma kusaini. Diana akaandika. Ilikuwa saa saba mchana, siku ya mwisho ya msamaha, na zilibaki saa tano nzima.

Jumatatu asubuhi alifikishwa mahakamani. Kumiliki silaha na risasi bila kibali, wakamsomea, kosa la uhujumu uchumi. Nyamizi akauliza uchumi gani ameuhujumu, yeye mwenye mbuzi wawili na shamba la kukodi. Watu wakacheka. Akaambiwa asijibu lolote, mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake wala kumpa dhamana, na upelelezi haujakamilika. Utakamilika lini? Kesi itatajwa tena baada ya siku kumi na nne.

Kutoka hapo hakupelekwa gerezani moja kwa moja. Walimpeleka uwanjani.

Viti vya wageni vilikuwa vimepangwa chini ya hema, na bendera za nchi nne mbele yake. Yale magobore thelathini yalikuwa yamerundikwa juu ya kuni, yamemwagiwa mafuta ya taa. Pembeni, mezani, zilikuwa bunduki tatu za kivita, na nyuma ya kila moja amesimamishwa mtu mwenye pingu. Nyamizi alikuwa wa tatu. Mgeni rasmi alizungumzia ushirikiano, akasema mipaka yetu sasa inazungumza lugha moja. Mkalimani akayageuza kwa Kifaransa, makofi yakapigwa mara mbili. Mpiga picha akamwomba Nyamizi ainue uso.

Alipouinua ndipo alipomwona Ndassa. Alikuwa nyuma ya kamba pamoja na watu wa mjini, amevaa shati lake la kanisani. Akaanza kuinua mkono. Nyamizi akatikisa kichwa, haraka, kidogo. Mtu akijulikana hapa kuwa ni mume wake, meza hii itapata mtu wa nne. Ndassa hakuelewa, au hakutaka kuelewa, akauinua mkono zaidi, mdomo ukafunguka. Basi Nyamizi akamtazama kama asiyemfahamu, akatazama mwingine, akatazama mwingine. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Alipopitisha macho tena mkono wa Ndassa ulikuwa umeshuka, naye analia waziwazi mbele za watu.

Moto ukawashwa. Magobore yakashika, mbao zikapasuka, wageni wakasogea nyuma kwa sababu ya moshi.

"Na hizi?" mgeni mmoja aliuliza, akionyesha mezani.

"Hizi hatuwezi kuziteketeza, mheshimiwa," Juvenali alieleza, amesimama wima. "Ni vielelezo vya kesi. Zinatunzwa mpaka kesi iishe."

Diana akaja na kijikaratasi chenye uzi. Akakifunga kwenye mtutu wa SMG. Nyamizi alikisoma kwa macho, polepole: Kielelezo Na. 3, Nyamizi Ndassa. Halafu wakaipaka bunduki mafuta ili isiendelee kuota kutu, wakaifunga kwenye kitambaa cheupe kisafi.

Gari lilikuwa limejaa askari. Juvenali akasema bunduki isiwekwe chini, itakwaruzika. Wakailaza kwenye kiti cha nyuma, wakaifunga mkanda. Kisha wakamwonyesha Nyamizi sakafu ya gari, mbele ya kiti hicho, naye akainama na pingu zake, akakaa.